Waliokufa na Waliorudi



Swali ninalowaletea safari hii si geni kwa watu wa upande huu wa Ziwa Tanganyika. Kongo ni jirani yetu. Kambi ya Nyarugusu, hapa Kasulu, ilianza kupokea wakimbizi wa Kikongo mwaka 1996, na tangu hapo wengi wetu tumefahamiana nao, tumesali nao, na tumesikia kwa vinywa vyao wenyewe sababu zilizowafanya wavuke maji. Kwa hiyo tusikiapo kwamba askari wa nchi fulani wamepelekwa Kongo kulinda amani, hiyo kwetu si habari ya mbali. Lakini ni mara chache tunajiuliza hivi: askari aliyetumwa kulinda amani ya watu wasio wake, anatakiwa afanye nini hata tuseme ametimiza wajibu wake? Je, ni mpaka afe? Na akirudi nyumbani mzima baada ya kusalimu amri, tumwiteje?

Askari anayelinda mipaka ya nchi yake hupimwa kwa ushindi. Adui akifukuzwa, kazi imekwisha, na ngoma zinapigwa. Mlinda amani hana adui wa kumfukuza. Ametumwa akae katikati ya watu wanaogombana, asimpendelee yeyote, asipige risasi mpaka ashambuliwe. Siku njema kwake ni siku ambayo hakuna kilichotokea, na siku kama hiyo haiandikwi gazetini. Ndiyo maana kumhukumu mtu huyu ni kazi ngumu, na ndiyo maana watu wengi humhukumu kwa kipimo cha yule askari mwingine bila kufikiri.

Tusizungumze hewani. Nitachukua mfano wa nchi moja ndogo, Ireland, na mambo mawili yaliyowapata askari wake ng'ambo ya ziwa letu katika muda wa miezi kumi tu, mwaka 1960 na 1961. Nimeichagua kwa sababu mambo hayo mawili yalikuwa ya jeshi lile lile, katika kazi ile ile, na nchi yao ikayapokea kwa namna mbili zilizotofautiana kama usiku na mchana.

Ireland wakati ule ilikuwa na watu wapatao milioni 2.8. Ilitawaliwa na Waingereza karne nyingi, ikapata serikali yake mwaka 1922, na haikuwahi kuwa na koloni popote. Ilijiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 1955. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni, 1960, jeshi lake likaasi baada ya siku chache, na tarehe 11 Julai Moise Tshombe akatangaza kwamba jimbo la Katanga, lenye shaba na utajiri mwingi, limejitenga. Serikali ya Kongo ikaomba msaada wa Umoja wa Mataifa, na Umoja wa Mataifa ukatafuta askari. Ireland ikakubali kutoa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ile kupeleka kikosi kizima nje ya mipaka yake. Waliokwenda walijitolea wenyewe. Jeshi halikuwa tayari kwa nchi za joto, wakapanda ndege wakiwa wamevaa sare za sufu nzito zilizoshonwa kwa ajili ya baridi ya kwao. Mtu anayeijua Kalemie au Kigoma mwezi wa Septemba na awaze mwenyewe.

Kwa nini nchi ndogo? Sababu yake si ngumu kuielewa. Mkubwa akija kuamua ugomvi wa majirani, watu hutazama kwanza mkono wake umekuja kuchukua nini. Taifa kubwa lina makampuni yake, lina marafiki zake, lina hesabu zake za miaka hamsini. Nchi ndogo isiyo na mgodi wala kambi ya kijeshi katika nchi ya watu inaweza kuaminiwa zaidi. Fikira hiyo ni nzuri, na mimi naiunga mkono. Lakini ina udhaifu mmoja, nao ndio uliowaua vijana tisa.

Udhaifu wenyewe ni huu: kutokuwa na hatia hakuonekani usoni. Ireland ilijua kwamba haikuwa na hila na Kongo. Waairishi walijua. Umoja wa Mataifa ulijua. Lakini mtu wa kijijini katika kaskazini ya Katanga angejuaje? Waluba wa sehemu zile walikuwa wameukataa utawala wa Tshombe, na askari wa Katanga, wakiongozwa na maofisa wa Kizungu na mamluki, walikuwa wakiingia vijijini mwao na kuwaua. Walichokijua Waluba ni kwamba Mzungu mwenye bunduki juu ya gari huja kuchoma nyumba. Bendera ya buluu haikuwa na maana kwao bado.

Tarehe 8 Novemba, 1960, askari kumi na mmoja wa Ireland walitoka katika kituo cha Niemba, magharibi ya Kalemie, wakiongozwa na Luteni Kevin Gleeson. Walikwenda kufanya doria katika barabara iliyokuwa imezibwa, wakafika kwenye daraja lililovunjwa la mto Luweyeye. Wakashuka katika magari kutazama. Kundi kubwa la Waluba likatokea porini, na pinde na mishale na marungu. Katika masimulizi yaliyoandikwa juu ya siku ile husemwa kwamba Luteni Gleeson aliinua mkono, akawasalimu kwa Kiswahili: Jambo. Alijibiwa kwa mishale.

Mwalimu wa Kiswahili angetaka kumsahihisha, amwambie kwamba salamu ni hujambo au hamjambo. Lakini huko Katanga watu husalimiana hivyo hivyo, kwa hiyo kijana yule alikuwa amejifunza vizuri kwa wenyeji wake. Mimi kilichonikaa moyoni ni maana ya neno lenyewe. Tunapomwambia mtu hujambo tunamtakia asiwe na jambo, asiwe na baya lililompata. Naye Luteni alikuwa akiwaambia watu ambao jambo lilikwisha kuwapata, tena kubwa, kutoka kwa watu waliofanana naye kwa rangi na kwa silaha. Alisema kweli, lakini hapakuwa na mtu wa kumthibitishia.

Katika wale kumi na mmoja, tisa walikufa. Wawili walinusurika, wakapatikana baadaye wakiwa hai. Mwili wa mmoja wa wale tisa, Anthony Browne, haukupatikana mpaka mwaka 1962. Waluba nao walikufa, maana wale askari walipoona wanauawa walipiga risasi. Hesabu inayotajwa ni kama watu 25. Hao majina yao sijayaona yameandikwa popote.

Miili iliporudishwa Dublin Novemba ile ile, mji ulisimama. Watu maelfu kwa maelfu walijipanga barabarani, majeneza yakapita yamefunikwa bendera, maduka yamefungwa. Nchi ambayo haikuwa imezika askari waliokufa vitani kwa miaka mingi ilijikuta ikiomboleza pamoja. Wazee wa Ireland walioshuhudia wakiwa watoto wamesimulia siku ile maisha yao yote. Sina neno la kulaumu hapo. Kilio kile kilikuwa cha haki, na nchi isiyojua kulia kwa ajili ya watoto wake haifai kuwatuma popote.

Tazameni sasa jambo la pili.

Mwezi wa Septemba mwaka 1961 kombania moja ya Waairishi, watu takriban 155, ilipelekwa Jadotville, mji wa migodi ambao leo huitwa Likasi. Kamanda wao alikuwa Pat Quinlan. Walipelekwa kwa sababu ilidaiwa kwamba wakazi wa Kizungu wa mji ule walikuwa hatarini na waliomba walindwe. Walipofika wakakuta wakazi wale hawawataki kabisa. Wengi walikuwa upande wa Tshombe na waliwatazama askari wa Umoja wa Mataifa kama wavamizi. Kikosi kingine cha Umoja wa Mataifa kilikuwa kimekwisha ondolewa hapo muda mfupi tu kabla yao. Kwa maneno mengine, walitumwa kumlinda mtu ambaye hakuwa amewaita.

Quinlan aliona mambo hayakai sawa, akawaamuru askari wake wachimbe mahandaki. Nadhani wapo walionung'unika, maana kuchimba ardhi ile katika jua la Septemba si mchezo. Asubuhi ya tarehe 13 Septemba, wakati wengi wao walipokuwa katika Misa nje, wakashambuliwa. Siku hiyo hiyo Umoja wa Mataifa ulikuwa umeanza operesheni dhidi ya serikali ya Tshombe huko Elisabethville, yaani Lubumbashi, na wale wa Jadotville, walio mbali na wenzao, ndio waliolipizwa. Waliowazunguka walikuwa maelfu, wakiwa na mizinga, na ndege moja ya vita iliyokuja kuwapiga kutoka angani. Waairishi walikuwa na silaha nyepesi. Kikosi kilichotumwa kuwaokoa kilizuiwa kwenye daraja la mto Lufira, kikajaribu tena, kikazuiwa tena. Helikopta moja ilifanikiwa kuwaletea maji, lakini maji hayo yalikuwa yametiwa katika madebe yaliyobaki na mafuta, hayakunyweka.

Walijitetea hivyo mpaka tarehe 17. Risasi zikaisha, maji yakaisha, makubaliano ya kusimamisha vita hayakuheshimiwa. Quinlan akasalimu amri. Askari wake wote walikuwa hai, wachache wamejeruhiwa. Upande wa pili walikufa watu wengi, hata hutajwa 300, nao hawana majina kama wale wa Niemba. Waairishi wakafungwa kwa zaidi ya mwezi mmoja, wakaachiliwa mwishoni mwa Oktoba, wakarudi kwao mwezi wa Desemba. Usiku ule ule waliosalimu amri, ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, na dunia ikawa na msiba mwingine wa kuzungumza.

Hawa nao walipokelewaje? Hapakuwa na mji uliosimama. Familia zao ziliwakumbatia, bila shaka. Lakini jeshi lilinyamaza. Quinlan aliwapendekeza askari wake wengi wapewe nishani. Hakuna aliyepewa kwa yale waliyoyafanya Jadotville. Neno Jadotville likageuka kuwa tusi kambini, la kumtania mtu kuwa ni mwoga. Wapo walioficha kabisa kwamba walikuwako. Quinlan alifariki mwaka 1997 bila kusikia nchi yake ikisema vinginevyo. Ilikuwa mwaka 2004 ndipo uchunguzi rasmi ulipowaondolea lawama, mwaka 2005 likawekwa jiwe la ukumbusho katika kambi ya Athlone, mwaka 2016 kombania nzima ikapewa sifa na serikali, na mwaka 2017 wakapewa nishani iliyotengenezwa kwa ajili yao. Miaka 56 ilikuwa imepita. Wajane na watoto wengi walikwenda kupokea kwa niaba ya watu waliokuwa makaburini.

Basi linganisheni. Tisa waliokufa waliliwa na simanzi ya taifa zima. Wapatao 155 waliookoka walirudi kama watu waliovunja chungu cha mgeni. Mimi nimeifikiria tofauti hii mara nyingi, na naona haitoki katika yale waliyoyatenda. Wale wa Niemba walikuwa wanyofu na mashujaa, lakini mauti iliwakuta katika dakika chache; hawakupata nafasi ya kuchagua. Wale wa Jadotville walichagua, siku baada ya siku, kwa muda wa siku tano, na uchaguzi wao wa mwisho ulikuwa kwamba hakuna sababu ya kijana mwingine kufa. Tofauti inatoka kwetu sisi tunaobaki nyumbani. Jeneza linatueleza sisi wenyewe habari njema: kwamba nchi yetu ni ya watu wakubwa, kwamba tumetoa. Mtu anayerudi hai mikono mitupu hatupi habari hiyo. Anatukumbusha kwamba tulimtuma mahali pabaya, na maji machafu, kwa amri ambazo hazikueleweka. Ni rahisi kumlaumu yeye kuliko kuwauliza waliomtuma.

Na hapo nasema wazi kwamba nchi inayotuma wanawe kulinda amani, kisha ikaona haya kwa sababu hawakufa, haikuelewa iliwatuma kufanya nini. Iliwatuma wazuie watu wasife. Mlinda amani naye ni mmoja wa watu hao.

Lakini najua mtu atasimama aseme: Mwalimu, ukiendelea hivyo utawapa ruhusa woga wote. Kila askari atasema ameokoa maisha, ataweka bunduki chini, na yule mnyonge aliyekuwa akilindwa atachinjwa. Pingamizi hili ni zito, na sisi wa magharibi ya Tanzania hatuwezi kulipuuza, maana tulipokea wakimbizi wa Rwanda na Burundi pia.

Tarehe 7 Aprili, 1994, huko Kigali, askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa wakimlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana walinyang'anywa silaha, wakapelekwa kambini, wakauawa. Waziri Mkuu naye aliuawa. Hapo tunajifunza kwanza kwamba kuweka silaha chini si dawa ya kila mahali. Quinlan alipata watekaji waliowaacha hai, wale kumi hawakuwapata. Ubelgiji, ambayo nayo ni nchi ndogo, ikawalilia wale kumi, kama ilivyostahili. Kisha ikawaita wengine warudi. Katika shule ya ufundi ya Kicukiro, iliyojulikana kama ETO, watu wapatao 2,000, wengi wao Watutsi, walikuwa wamekimbilia chini ya ulinzi wa askari wa Kibelgiji. Tarehe 11 Aprili askari wakapanda magari wakaondoka. Wauaji walikuwa wakingoja nje. Wengi wa watu wale waliuawa siku ile ile.

Askari walioondoka ETO walirudi kwao hai. Je, nao tuwaite kama tulivyowaita wale wa Jadotville? Siwezi. Wala sidhani yupo atakayeweza. Ijapokuwa amri ilitoka juu, na lawama kubwa ni ya walioitoa, tendo lenyewe lilikuwa la kuwaacha watu.

Kwa hiyo tunahitaji kipimo kinachotenganisha matendo haya mawili, na kipimo hicho hakiwezi kuwa kufa au kupona. Mimi natumia swali moja dogo: nyuma ya mgongo wa askari yule alikuwa nani? Pale ETO walikuwako watu wapatao elfu mbili ambao uhai wao ulitegemea bunduki chache zibaki langoni. Askari akifa pale, amekufa akiwa mlango. Akiondoka, mlango umefunguliwa. Pale Jadotville nyuma ya migongo ya Waairishi hapakuwa na mtu. Wakazi waliosemwa kuwa wanalindwa walikuwa upande wa wapigaji. Siku ya sita ya vita isingemwokoa mtoto hata mmoja. Ingeongeza tu makaburi, ya Waairishi na ya Wakatanga. Kuendelea kufa mahali pasipo na wa kuokolewa, kwa ajili ya heshima ya bendera peke yake, ni kitu ambacho askari wa vita huenda akasifiwa nacho. Mlinda amani hakutumwa kwa ajili hiyo.

Na wapo waliobaki Rwanda. Umoja wa Mataifa ulipopunguza kikosi chake mwezi ule ule wa Aprili, waliobaki wengi walikuwa Waghana, na naibu kamanda wao, Jenerali Henry Anyidoho, alikataa kuwaondoa watu wake. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal alikuwa akipita vizuizi vya barabarani kwa ucheshi na sigara na maneno, akiwaficha watu garini, wachache wachache, tena na tena, mpaka alipouawa na kombora tarehe 31 Mei, 1994. Senegal na Ghana hazihesabiwi miongoni mwa wakubwa wa dunia. Mtu huyu mmoja anatuonyesha kwamba swali la mgongo linafanya kazi pande zote mbili: kwa kuwa nyuma yake walikuwako watu, hakuwa na haki ya kujiokoa kwanza, naye hakujiokoa.

Nasikitika tu kwamba kipimo hiki hakituondolei kazi ya kufikiri. Mara nyingi askari hajui kwa hakika nyuma yake kuna nani. Luteni Gleeson hakujua. Kamanda aliye porini na redio mbovu hana nafasi ya kukaa kama mimi hapa na kikombe cha chai akapima. Kwa hiyo wanaotuma wana deni kubwa kuliko wanaotumwa: wajue kwanza wanampeleka kijana amlinde nani, na kama mtu huyo amemwita, wampe maji safi na amri inayoeleweka. Waairishi kwa miaka mingi walikuwa na sheria kwamba wakitaka kupeleka askari zaidi ya 12 katika kazi kama hizi, lazima pawepo idhini ya Umoja wa Mataifa, uamuzi wa serikali na kura ya bunge. Watu walibishana juu ya sheria hiyo, na huenda ilikuwa na kasoro zake. Lakini iliwalazimisha wabunge waseme hadharani, mbele ya mama za vijana wale, kwa nini wanakwenda.

Nirudi kwetu. Mwaka 2013 Tanzania, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, ilitoa askari wa kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo. Tarehe 7 Desemba, 2017, kituo chao cha Semuliki kilishambuliwa, na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa usiku mmoja. Tuliwalilia, na mazishi yao yalikuwa ya heshima. Kisha mwezi wa Novemba mwaka 2018, katika mapigano karibu na Beni, askari mmoja wa Malawi aitwaye Chancy Chitete alimwona Mtanzania amejeruhiwa, hawezi kwenda. Akamburuta mpaka mahali pa salama, akaanza kumfunga jeraha, akapigwa risasi yeye mwenyewe, akafa. Mtanzania akapona. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ukampa Chitete nishani yenye jina la yule Kapteni Mbaye Diagne, na jamaa zake wakaipokea.

Malawi ni nchi maskini kuliko yetu, na kijana yule hakuwa na undugu na mwenzake isipokuwa ule wa kofia ya buluu. Kila aisikiaye habari hii humsifu Chitete, na anastahili. Mimi naomba tumfikirie pia yule wa pili, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa yu hai na ana faragha yake. Alirudi Tanzania kwa miguu ya mtu mwingine. Hakufa. Je, yupo kati yetu atakayethubutu kusema angefadhali kufa? Mmalawi alitoa uhai wake ili huyu arudi nyumbani. Kumdharau mtu kwa kuwa amerudi hai ni kulitupa lile Chitete alilolinunua.

Lakini yapo mambo ambayo mtu wa namna hii hukutana nayo, nami nimeyasikia kwa wastaafu wa majeshi, si wa nchi moja. Watu humwuliza kwa utani alileta nini kutoka Kongo. Huhesabu kwa midomo posho aliyolipwa. Usiku anapoamka akipiga kelele wanasema amerogwa huko Beni. Waliokufa hatuwafanyii hivyo. Waliokufa tunawataja kanisani kwa sauti ya upole, na sifa zao huongezeka kila mwaka. Huyu aliye hai ameketi benchi la nyuma, na hakuna aliyemwuliza ilikuwaje. Kiswahili chetu kina neno la pole na neno la hongera. Kwake yeye watu wanashindwa kujua lipi litangulie, basi hawasemi lolote.

Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 29 Mei kuwa siku ya walinda amani. Nimezungumza na Padri, naye amekubali kwamba Jumapili iliyo karibu na siku hiyo tuwaombee. Kwa hiyo mwenye ndugu, mtoto au jirani aliyewahi kutumikia katika kazi hiyo, Kongo, Darfur, Lebanon au penginepo, na ampelekee katibu wa mtaa jina lake kabla ya mwisho wa Aprili. Tunataka majina ya waliokufa. Tunataka pia ya walio hai, na kama mwenyewe hapendi kutajwa mbele ya watu, aandikiwe hivyo pembeni ya jina, atatajwa kimya kimya. Na ikiwa yupo mkimbizi au mwenyeji wa Kongo anayejua jina la mtu wake aliyekufa akipigana na askari hao wa Umoja wa Mataifa, nalo tunalitaka.